Mbwa kwa Penseli, Mtu kwa Wino

Tulimwita Bwana Mifugo, ingawa alikuwa mwanamke. Maafisa wa mifugo waliomtangulia kwetu wote walikuwa wanaume, cheo kikazoea kuanza na Bwana, na alipokuja yeye na pikipiki yake na kasha la barafu lililofungwa nyuma kwa mipira, hakuna aliyejisumbua kukibadilisha. Miaka hiyo ya mwanzo mzee mmoja wa Kiorma alipiga hodi kwangu asubuhi akiwa na wasiwasi wa kweli. "Bwana Mifugo iko na mimba," akaniambia. "Sasa ng'ombe yetu nani nachanja?" Mwenyewe aliposimuliwa alicheka mpaka akashika kiti. Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa mlango gani, kwa kuwa hakupenda kuulizwa hayo. "Uliza nafanya kazi gani," alikuwa akisema. "Ukoo wangu haujachanja mbuzi hata mmoja."

Nimeishi jirani naye pale Garsen miaka mingi, ua wa miba mmoja tu kati yetu. Mimi nilikuwa naibu wa chifu, ingawa watu waliniita Chifu tu, nami sikuwasahihisha. Siku hizi akitajwa kwa wema, na hutajwa sana, mimi huangalia chini nikajifanya natafuta kitu mfukoni. Nilimkosea. Nitafika huko, lakini kwanza nataka ajulikane, maana nikianza na kosa langu nitakuwa nimejisimulia mimi, na nimejisimulia vya kutosha maishani.

Alikuwa na daftari. Wengine wakimkumbuka huanza na pikipiki, mimi huanza na daftari. Lilikuwa kubwa, la jalada gumu jeusi, kona zake zimeliwa na mende, na kila mbwa aliyemchanja kuanzia Minjila hadi Kilelengwani alikuwa na mstari wake humo: jina la mbwa, rangi, jina la mwenyewe, kijiji, na safu ya mwisho iliyoandikwa Alipo. Mbwa aliyekwisha kuchanjwa alifungwa shingoni ukanda wa leso kuukuu, kila mwaka rangi yake. Jina la mbwa aliliandika kwa penseli, la mwenyewe kwa wino. Nilimuuliza sababu.

"Mbwa anakufa, nafuta naandika mwingine," akasema. "Mtu hata akifa bado anaulizwa."

Huo ukawa msemo wake, mbwa kwa penseli, mtu kwa wino, na aliutumia hata pasipokuwa na mbwa. Kijana akija kumwambia kwamba posa imekubaliwa, yeye humuuliza, "Umeandika kwa penseli au kwa wino?"

Kuandika majina ya mbwa kwetu si kazi ndogo. Mbwa wa huku mara nyingi hapewi jina la kumpendeza, hupewa jina la kumfikishia jirani ujumbe. Mtu aliyegombana na shemeji yake atamwita mbwa Mtanikoma, kisha jioni asimame uani aite kwa sauti yote, "Mtanikoma! Mtanikoma, njoo ule!" Shemeji anasikia, anakasirika, na hana pa kushtaki, kwani nani amemtaja? Daftari lilijaa akina Yawahusu Nini, Wivu Hauna Dawa, Nitahama Mimi, na mmoja wa mama mjane aliyeitwa Mungu Anaona. Bwana Mifugo aliyaandika yote bila kutabasamu, kama karani wa mahakama anayeandika mashahidi. Mbwa wake yeye waliitwa Simba. Alikufa Simba akaja Simba. Alisema hana ugomvi na mtu wa kumchosha mbwa kuubeba.

Msidhani alikuwa mpenzi wa mbwa. Mbwa aliyetia pua jikoni kwake alirushiwa ndara, na mama yule alikuwa na shabaha. Na paka nao, yeye aliwaogopa kabisa. Jumapili alikaa kiti cha nyuma kanisani, Simba amelala nje mlangoni, na ibada ikiisha alimpita kama hamjui. Watoto aliwakataza kuwapiga mbwa mawe, halafu wakigeuka unamwona yeye mwenyewe anaokota jiwe kumfukuza jogoo wangu. Nilimwonyesha siku moja kwamba anajipinga. "Jogoo wako ana mwenyewe," akasema. "Nikimuumiza najua nitakuja kumwomba nani msamaha."

Wala hakuichukia maabara. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu baadaye wapo waliomwita adui wa sayansi. Mbwa akifa na dalili za kichaa, ni yeye aliyemkata kichwa, akakifunga nailoni mbili tatu, akakitia kwenye kasha la barafu na kukipakia basi kikapimwe. Kondakta mmoja alilifungua kasha akidhani ni kambare wa kuiba, na tangu siku hiyo hakufungua tena mzigo wa mtu. Jawabu likirudi kwamba ni kichaa, Bwana Mifugo aliwasha pikipiki usiulize ni saa ngapi, akawatafuta wote walioumwa. "Maabara imenisaidia kuzuia makaburi," alikuwa akisema.

Kwa hiyo wanunuzi walipoanza kupita na gari la vizimba, wakisema wanatafuta mbwa na paka wa utafiti na wa kufundishia madaktari, hakupiga kelele. Alikaa na daftari lake. Akaanza kuona safu ya mwisho inabadilika: hajulikani alipo, hajulikani alipo, ukurasa mzima. Mbwa wetu hafungwi. Anakula nyumba hii, analinda shamba lile ili nyani na nguruwe mwitu wasimalize mahindi, analala penye kivuli. Mgeni akimkuta njiani ataapa kwamba hana mwenyewe, kumbe anao watatu. Waliowauzia wale wageni mbwa hawakuwa hata mmoja kati ya hao watatu.

Hapo ndipo alipoandika sheria yake, kwenye karatasi moja, kwa wino. Mnyama wa nyumbani asiuzwe kwa utafiti ila na mwenyewe, kadi ya chanjo mkononi. Akiokotwa, akae siku saba kwenye zizi la kata, na siku hizo mbiu ipigwe sokoni, msikitini na kanisani. Na anayenunua aandike jina lake na anakompeleka. Basi. Alinisomea akiwa amesimama kwenye ua wetu wa miba.

"Sasa Mama, mbwa wa kuibwa na wa halali wana tofauti gani wakishafika huko?" nikamuuliza kwa utani.

"Mwanangu, mbwa aliyeibwa ni uongo wenye miguu minne," akasema. "Nimemchanja mimi, nimempa dawa ya minyoo mimi, aliugua nini mwaka jana najua mimi. Wao hawajui. Watapima, watapata jawabu, wataliandika kitabuni. Na jawabu si la kweli. Mwizi hakuwaambia chochote."

Wakati ule aliniita mwanangu.

Mwaka mto ulipokata barabara, binti yangu Neema aliumwa na mbwa asiyejulikana. Alikuwa na miaka sita. Hospitali walikuwa na sindano ya kwanza tu, zilizobaki zikawa ng'ambo ya maji. Mimi nilikaa kitandani kwa mtoto nikilia. Bwana Mifugo alivuka kwa mtumbwi, na kasha lake kichwani pale penye kina kifupi, akarudi. Siku zilizofuata akaenda tena, na tena, kila sindano kwa siku yake, mpaka zikatimia. Mara ya mwisho alirudi miguu imevimba kwa miba ya majini. Neema leo ana mtoto wake.

Nilimwambia mbele ya mke wangu, "Mama, sema unachotaka. Chochote."

"Ile karatasi," akasema. "Wewe una baraza. Ikitoka kwa Chifu na wazee itasikika. Ikitoka kwangu watasema mwanamke wa mbwa."

Nikaapa. Na sikuipeleka. Sina sababu ya maana. Kila baraza lilikuwa na mambo mazito, ng'ombe wameingia mpunga, mpunga umelimwa njia ya ng'ombe, watu wameshikiana mapanga, nami nikiwaza vile watakavyocheka nikisimama kusema habari za mbwa. Niliogopa kuchekwa, ni hilo tu. Karatasi ilikaa mfukoni mwa shati langu la kazi. Mara moja niliitoa mbele ya watu, na mkono ulipofika juu nikajipangusia nayo jasho.

Miezi ikapita. Simba wa wakati ule akafa, Bwana Mifugo akapata mbwa mwingine, mwekundu, mguu mmoja mweupe kama aliyekanyaga uji. Jioni ya kwanza nilimsikia anaita ng'ambo ya ua, "Umesahau! Umesahau, njoo ule!"

Mke wangu alikuwa anakuna nazi. Hakuinua kichwa. "Baba Neema," akasema, "unaitwa."

Asubuhi na jioni, miaka miwili. Garsen nzima ilijua. Muuza duka alinikabidhi sukari huku akiniuliza, "Umesahau hajambo?" Vijana wa bodaboda wakinipita walipaza, "Chifu, umesahau!" kisha wakacheka wakijifanya nimeangusha kitu. Na mbwa mwenyewe, mjinga, alinipenda. Alinifuata mpaka ofisini, akalala mlangoni, watu wakiingia wanamruka, wanamtaja jina. Kitu kilichokuwa aibu kikaanza kugeuka chuki, na nilifurahi kilipogeuka, kwa sababu chuki ni rahisi zaidi kuibeba.

Halafu mafuriko yale makubwa. Watu wa mashamba ya chini walipandishwa Minjila, penye mwinuko, wakajengewa mahema, mbwa wakawafuata. Mbwa walikuwa wengi. Waliingia kwenye vyungu, na wenzetu Waislamu walikuja kulalamika kwa haki kabisa kwamba vyombo vyao vinanajisiwa. Mimi nilikuwa msimamizi wa kambi. Bwana Mifugo alikuwa ameenda na mtumbwi vijiji vya chini kuchanja waliokwama, akamwacha Umesahau kambini alinde hema lake.

Siku ya tatu gari la vizimba likaja. Yule mnunuzi alikuwa mpole, amevaa vizuri. Alitaka barua moja tu yenye muhuri, ikisema mbwa hawa hawana wenyewe.

"Wako wangapi, Mheshimiwa?" akaniuliza.

Tuliwapitia pamoja. Saba kwa kweli sikuwajua. Wa nane alinijia akitikisa mkia. Shingoni alikuwa na ukanda wa leso ya njano, rangi ya mwaka ule, na mnunuzi akauona.

"Huyu ana kitambaa," akasema.

"Watoto tu hao wanachezea," nikasema.

Nikainama nikaufungua. Fundo lake lilikuwa gumu, nikatumia meno. Umesahau alikaa kimya akanilamba sikio, akidhani nambembeleza. Nikaandika nane, nikatia sahihi, nikapiga muhuri. Sikupokea chochote kwa kazi hiyo, hata soda, na kwa muda mrefu hilo ndilo nililojitetea nalo. Sasa naona ni baya zaidi. Mwizi angalau alikuwa na njaa.

Aliporudi, Bwana Mifugo alilizunguka hema lake mara mbili, akaita. Sauti yake ilipita kambi nzima, "Umesahau! Umesahau!" na mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki, hatua kumi. Wanawake waliokuwa wakichota maji walimtazama yeye, kisha wakanitazama mimi. Mmoja wao alikuwa ameuokota ukanda wa leso. Akaenda akamwekea mkononi.

Bwana Mifugo alikuja akasimama mbele yangu. Alitazama ukanda, akatazama mdomo wangu, kwa maana fundo lilikuwa bado na alama za meno.

"Pole na kazi, Chifu," akasema.

Hajaniita mwanangu tena mpaka leo.

Nakala ya barua aliipata. Karani wa ofisi yangu hakuona sababu ya kumnyima, karatasi ni ya umma. Na kamati ilipokuja kukusanya maoni ya wananchi juu ya sheria ndogo za mifugo, alikwenda nayo, pamoja na daftari na karatasi yake ya wino, iliyoandikwa upya kwa vile ile ya kwanza niliimaliza kwa jasho. Ukumbi ulijaa. Mimi nilikaa safu ya pili, kwa sababu ya cheo.

Alisema vizuri. Watu hawakucheka kama nilivyoogopa miaka yote ile, nalo liliniumiza. Wazee walitikisa vichwa kwa kukubali, hata sheikh alisimama akasema kuiba ni kuiba, awe mbwa au ngamia. Kisha mwenyekiti akaiinua barua kwenye mwanga.

"Mama, unasema mbwa huyu wa nane alikuwa wako na aliyetia sahihi alijua. Muhuri ni wa ofisi, haumtaji mtu, na sahihi yenyewe haisomeki. Ni ya nani?"

Bwana Mifugo hakugeuka kunitazama. "Aliyeandika anajijua," akasema.

"Yumo humu ndani?"

"Anajijua."

Mwenyekiti akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. "Mama yangu, kamati haiwezi kutunga sheria kwa mafumbo. Nipe mtu mmoja aseme kwamba mbwa mwenye mwenyewe aliuzwa kama asiye na mwenyewe, tuwe na ushahidi. La sivyo nitalazimika kuliweka jambo hili kando." Akatungoja. Alitungoja kwa kweli, nasikia bado feni ilivyokuwa ikilia. Mimi nilihesabu vigae vya sakafu. Jambo likawekwa kando.

Mwezi huo akahama, akaenda kukaa shambani kwake Kilelengwani. Ng'ambo ya ua kukawa kimya, na mke wangu akaanza kupika bila kuongea nami.

Nilikaa hivyo mpaka nikastaafu. Mwaka huu, wiki hii, nikaona tangazo ukutani kwamba kamati inarudi Garsen, sheria zile zile, Alhamisi. Nikapanda bodaboda asubuhi kwenda Kilelengwani bila kujua nitasema nini. Nilijiambia naenda kumjulia hali.

Nilimkuta uani akipeta mpunga kwa ungo. Amekonda, na macho yake yamefunga ukungu mweupe. Mbwa akanibwekea. "Simba, kaa!" akasema, kisha akainua uso. "Nani?"

"Ni mimi, Mama."

"Karibu, Chifu."

Nilikaa kwenye kigoda. Mbwa alikuwa mdogo, mweusi, ana ukanda shingoni. "Anaitwa Simba?" nikauliza, kama mjinga.

"Nimwite nani?"

Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kusikia jina jipya la kunichoma, na nilikuwa nimeamua kulipokea. Sikujiandaa kwa Simba. Hakuwa na ujumbe wowote kwangu. Nilitamani anirushie ile ndara.

"Mama," nikasema, "siku ile ukumbini. Kwa nini hukunitaja?"

Akaendelea kupeta. "Garsen nzima ilijua mbwa yule nilimpa jina kwa ajili yako. Ningekutaja, wangesema ni fitina ya majirani, mwanamke analipiza. Jina lile lilinifunga mdomo mimi mwenyewe. Hilo ndilo kosa langu, nimelikubali." Akaweka ungo chini. "Nikikutaja mimi ni fitina, Chifu. Ukijitaja wewe ni ushahidi. Nilikungoja. Mwenyekiti naye alikungoja."

Simba alikuja akaninusa viatu, akaenda zake.

"Kwa vile umekuja," akasema, "macho yangu hayasomi tena. Daftari liko pale juu ya gunia. Nisomee waliopotea, nione kama bado nawakumbuka. Alhamisi nitawasema kwa kichwa."

Nikalifungua. Nilisoma mmoja mmoja, Yawahusu Nini, wa kahawia, hajulikani alipo, Mungu Anaona, mweupe, hajulikani alipo, naye akirudia nyuma yangu kwa midomo tu. Nilifika mstari mmoja wa jina lililofifia, mwekundu, mguu mmoja mweupe. Nikasoma wa chini yake.

"Umeruka mmoja," akasema.

Naandika haya nikiwa na miaka sitini na mitatu, mjukuu ninaye, na nilimruka. Hata pale, mbele ya kipofu, nilimruka.

Nikarudi juu. "Umesahau," nikasoma. "Mwekundu. Mguu mmoja mweupe. Mwenyewe, Bwana Mifugo. Kijiji, Garsen."

"Alipo?"

"Hapajaandikwa kitu."

"Andika."

Ndani ya daftari palikuwa na penseli na kalamu ya wino, zimefungwa pamoja kwa uzi. Nikaifungua penseli. Alinyoosha mkono, akaichukua vidoleni mwangu, akaipapasa ncha kwa kidole gumba, akaichomeka kwenye kilemba chake. Halafu akaningoja.

Nikachukua kalamu. Nikaandika kwamba alitolewa kambini Minjila akiwa na ukanda wa chanjo, kwamba aliyeufungua ukanda alijua ni wa nani, na nikaandika majina yangu, yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho.

"Sasa soma," akasema.

Nikasoma.

"Ukumbi ule ni mkubwa, Chifu. Soma tena."